Dira Isiyo na Sindano



Swali la mwezi huu limetoka kwa vijana. Wanatuuliza: simu ya mkononi yaonyeshaje kibla? Na kama yaonyesha kwa haki, mbona simu mbili zikiwekwa katika msikiti mmoja, juu ya mkeka mmoja, kila moja yaelekeza kwake? Wako waliokwisha kata shauri kwamba jambo lote ni uongo mtupu. Wako na wengine waliokwisha kata shauri kwamba simu haikosei kabisa, wakataka hata mihrabu ivunjwe ijengwe upya. Makundi yote mawili yamefanya haraka. Chombo chochote kina haki yake, nayo ni kwamba kwanza kijulikane kinavyofanya kazi, kisha ndipo kiaminiwe au kikataliwe.

Sisi masomo yetu ni ya chuoni na ya shule ya msingi tu. Lakini tumelisoma jambo hili taratibu, tumewauliza wanaojua, na tumelikuta ni tamu kuliko tulivyodhani. Msomaji na atuvumilie, maana mahali pengine njia ina mawe.

Kwanza ifahamike kwamba ndani ya simu hamna sindano. Dira ya zamani, ile ya mabaharia, ina sindano ya chuma iliyotiwa sumaku, nayo huachwa izunguke yenyewe mpaka itulie kaskazini na kusini. Dira ya namna hiyo wameijua Waislamu tangu zamani. Sultani al-Ashraf Umar wa Yemen, wa ukoo wa Rasuli, aliandika risala karibu na mwaka 1290 akaeleza jinsi ya kuitengeneza na jinsi ya kuitumia kutafuta kibla. Kitu kile ni rahisi kukielewa, kwani jicho laona sindano ikigeuka. Ama katika simu hakuna kinachogeuka. Mshale uonekanao kwenye kioo ni picha tu. Kinachopima kimefichwa ndani, ni kidogo kuliko punje ya uwele, wala hakitikisiki. Basi kitu kisichotikisika chajuaje upande?

Jibu lake ni hili: chajua kwa kuupima umeme. Tuseme wazi zaidi: katika metali fulani, urahisi wa umeme kupita hubadilika kwa kadiri ya upande ambao sumaku imeelekea.

Kila waya upitishao umeme huuzuia pia kidogo. Kuzuia huko ndiko kuitwako ukinzani. Umeme katika waya ni mwendo wa chembe ndogo mno ziitwazo elektroni, nazo katika safari yao hugonga hiki na kile, zikapotoka, zikachelewa. Mwenye kulima pamba huku kwetu Dutwa au Nkololo hahitaji kuelezwa sana. Mkokoteni wa ng'ombe ukiufuata mfereji kati ya matuta, waenda. Ukiukatisha juu ya matuta, ng'ombe watataabika na mzigo utamwagika. Ardhi ni ile ile, na mkokoteni ni ule ule. Kilichobadilika ni upande. Sasa mfikirie mkulima ambaye matuta yake yaweza kugeuzwa kwa sumaku, leo yakalala kuelekea mashariki na kesho kaskazini. Huyo angeweza kukaa kitako juu ya mkokoteni, akafumba macho, na kwa kule kutaabika kwa ng'ombe akajua matuta yameelekea wapi. Hivyo ndivyo ifanyavyo simu.

Aliyeligundua jambo hili ni William Thomson, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Glasgow katika Uskochi, ambaye baadaye alipewa cheo akaitwa Lord Kelvin. Mwaka 1857 alitoa habari za majaribio yake juu ya chuma na nikeli. Alipitisha umeme katika metali hizo, akaziweka katika nguvu ya sumaku, akaona kwamba umeme ukienda sambamba na upande wa sumaku, ukinzani huongezeka. Na umeme ukiikatisha sumaku, ukinzani hupungua. Msomaji atasema, huu ni kinyume cha mfano wetu wa matuta, kwani kule kufuata ndiko rahisi. Ni kweli. Mfano ni mfano. Katika chuma na nikeli njia ya kukatisha ndiyo nyepesi. Mabadiliko yenyewe yalikuwa madogo sana, na Thomson aliyaona kwa kuwa alikuwa mpimaji hodari. Sababu yake haikufahamika mpaka karne iliyofuata, wataalamu walipotambua kwamba sumaku inapogeuka ndani ya chuma, umbo la wingu la elektroni lililoizunguka kila atomu nalo hugeuka kidogo, na elektroni zinazosafiri hugongana nalo zaidi ziendapo upande mmoja kuliko ziendapo upande mwingine.

Jambo hilo lilikaa miaka mingi kama johari isiyo na mnunuzi. Lilipata kazi mafundi walipojua kutengeneza utando wa metali mwembamba mno, wenye unene wa makumi machache ya nanomita. Unywele mmoja wa kichwa waweza kuwa na unene wa tando kama hizo zaidi ya elfu zikipangwa moja juu ya moja. Kwa nini wembamba una faida? Kwa sababu katika kipande kinene sumaku ya ndani hugawanyika, sehemu hii yaelekea huku na sehemu ile kule. Katika ukanda mwembamba hulazimika kulala bapa, na hupenda kulala yote pamoja kwa kuufuata urefu wa ukanda. Basi huwa kama sindano iliyolazwa, isiyoweza kuinuka wala kuzama, ila yaweza kupinda kulia na kushoto ndani ya utando. Sumaku ndogo ya nje, hata ile ya ardhi ambayo hapa kwetu ni karibu theluthi moja tu ya gausi, yatosha kuipinda kidogo. Ikipinda, pembe kati yake na njia ya umeme hubadilika. Pembe ikibadilika, ukinzani hubadilika. Kwa hiyo sindano iko, lakini ni sindano isiyo na mwili.

Metali inayopendwa kwa kazi hii huitwa pamaloi. Katika kila sehemu 100 zake, sehemu kama 80 ni nikeli na 20 ni chuma. Na hapa hatukuweza kujizuia kutabasamu, kwani nikeli ni kitu ambacho watu wa Bariadi wamekisikia sana masikioni. Vilima vya Dutwa vina mawe ya nikeli, tena karibu na uso wa ardhi, nayo yamepimwa na kuchimbuliwa kwa uchunguzi tangu miaka ya 2000. Mzee anayechunga ng'ombe wake juu ya kilima kile, na simu imo katika mfuko wa kanzu, huenda anakanyaga kwa miguu kitu kile kile anachokibeba kifuani. Hatusemi kwamba nikeli ya simu yake imetoka Dutwa, haikutoka. Twasema tu kwamba elimu hii si ya mbali kama ionekanavyo.

Sasa kuna tatizo moja ambalo vijana wenye kupenda hesabu watalifurahia. Ukinzani huwa mkubwa kabisa umeme na sumaku vikiwa sambamba, na huwa mdogo kabisa pembe yao ikiwa digrii 90. Lakini ukigeuza sumaku ikaelekea nyuma kabisa, digrii 180, vitakuwa sambamba tena, na ukinzani utarudi kuwa ule ule wa kwanza. Basi kipimo hiki peke yake hakijui kutofautisha mbele na nyuma! Kingetumiwa hivyo hivyo katika kutafuta kibla, kingekubali kwa furaha moja mtu aelekeaye Makka na mtu aliyeipa mgongo. Tena sumaku ikiwa imelala sawasawa na umeme, ukiipinda kidogo kulia au kidogo kushoto, ukinzani hupungua kwa kiasi kile kile. Kulia na kushoto navyo havijulikani.

Mafundi walilitatua kwa hila nzuri. Juu ya ukanda wa pamaloi walipaka vistari vya metali ipitishayo umeme kwa urahisi zaidi, wakavilaza mshazari, digrii 45. Umeme, kwa kuwa hupenda njia nyepesi, hulazimika kukata kati ya kistari na kistari kwa mshazari, usiufuate urefu wa ukanda. Kwa hiyo tangu mwanzo umeme na sumaku vimeachana kwa nusu ya pembe mraba. Sumaku ikipinda upande mmoja, huukaribia umeme na ukinzani hupanda. Ikipinda upande wa pili, huwa mbali nao na ukinzani hushuka. Kulia na kushoto vimejulikana. Kisha hupanga kanda nne kama mizani yenye sahani mbili, ili kile kidogo kinachobadilika kionekane dhahiri, kwani badiliko lote halipati kuzidi sehemu chache katika 100, na lile lililoletwa na sumaku ya ardhi ni dogo zaidi. Hatimaye huweka mizani tatu: moja ya urefu wa simu, moja ya upana, na moja ya kina. Kwa hesabu ya zote tatu simu hujua sumaku ya ardhi imetoka wapi, hata ikiwa imeshikwa kwa kuinama.

Hiyo ya tatu ina maana kubwa huku kwetu. Watu wengi wadhani sumaku ya ardhi imelala bapa kama mkeka. Kwetu Simiyu, tulioko kusini mwa ikweta ya sumaku, imeinama, na sindano ikiachwa huru kabisa ncha yake ya kaskazini ingeinuka juu.

Si simu zote zitumiazo ukanda wa pamaloi. Nyingi hutumia njia ya Edwin Hall, Mmarekani aliyeona mwaka 1879 kwamba sumaku husukuma umeme kando ndani ya kipande cha metali. Na simu nyingine za bei nafuu hazina kipimo cha sumaku kabisa. Kijana akiona mshale wake haugeuki hata akijizungusha mara saba, asiilaumu programu, kifaa hakimo.

Mambo haya hayakuishia kwenye simu. Mwaka 1988 Albert Fert katika Ufaransa na Peter Grünberg katika Ujerumani, kila mmoja kwa upande wake, walipanga tando za chuma na kromiamu, nyembamba sana, moja juu ya moja, wakaona ukinzani hubadilika kwa kiasi kikubwa mno kwa kutegemea kama sumaku za tando jirani zimeelekea upande mmoja au zimepeana migongo. Kwa kazi hiyo, iliyowezesha diski za kompyuta kuhifadhi maandishi mengi katika nafasi ndogo, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2007.

Lakini lililotushangaza zaidi ni habari za fuwele ambazo si za chuma wala shaba, bali zimetengenezwa kwa kaboni, haidrojeni, salfa na mengineyo, mambo ambayo kwa kawaida tungeyatarajia katika mafuta na dawa. Baadhi ya fuwele hizi hupitisha umeme, na hupitisha kwa upendeleo. Nyingine ni kama mikeka iliyopangwa moja juu ya moja: juu ya mkeka mmoja elektroni hutembea zitakavyo, lakini kuruka kutoka mkeka hadi mkeka ni kwa shida. Nyingine ni kama matuta yetu hasa: kuufuata mstari mmoja ni rahisi, kuvuka hadi mstari wa pili ni vigumu, na kupanda tabaka la juu ni vigumu zaidi. Katika aina hii ya matuta, fuwele zilizotengenezwa na Klaus Bechgaard wa Denmark zilionekana, katika habari zilizotolewa mwaka 1980 na Denis Jérome na wenzake wa Ufaransa, kuwa zaweza kupitisha umeme bila ukinzani wowote katika baridi kali na shinikizo kubwa. Ndizo zilizokuwa za kwanza za kikaboni kufanya hivyo.

Humo sumaku hufanya kazi kwa njia nyingine, nasi twaomba zisichanganywe. Katika pamaloi jambo lilikuwa ni upande wa sumaku ya ndani ya metali yenyewe. Katika fuwele hizi, nguvu ya sumaku ya nje huzikamata elektroni zenyewe zikiwa safarini na kuipinda njia yao. Kanuni yake huitwa kwa jina la Hendrik Lorentz wa Uholanzi: elektroni iendayo sambamba na nguvu ya sumaku haiguswi, ikatishayo husukumwa kando, wala haisukumwi mbele wala nyuma, mpaka njia yake ikawa duara.

Basi chukua fuwele ya mikeka. Ipoze hata ikaribie digrii 270 chini ya sifuri, ili elektroni zisigongwegongwe ovyo zikashindwa kumaliza duara zao. Iweke katika sumaku yenye gausi 100,000 au zaidi, yaani kama mara 300,000 ya ile ya ardhi ya Bariadi. Pitisha umeme kutoka mkeka wa chini kwenda wa juu, upime ukinzani. Kisha usiongeze wala usipunguze sumaku. Igeuze fuwele tu, polepole, digrii baada ya digrii. Mtu angetarajia ukinzani upande au ushuke kwa utaratibu. Mwaka 1988 M. V. Kartsovnik na wenzake katika Urusi ya Kisovieti waliona ukipanda na kushuka, ukipanda na kushuka, kama mtu apitaye juu ya matuta. Katika pembe fulani kilele, katika pembe nyingine bonde.

Mwaka uliofuata, 1989, K. Yamaji wa Japani alieleza sababu. Sumaku ikiwa imeinama, elektroni inapozunguka duara lake hupata nafasi za kurukia mkeka wa juu na nafasi za kurukia mkeka wa chini, kwa zamu. Kwa kawaida upande mmoja huzidi, nayo ikasonga. Lakini katika pembe maalumu kupanda na kushuka hulingana sawasawa, tena kwa elektroni zote pamoja. Kila moja yazunguka, na mwisho wa mzunguko haikwenda juu wala chini. Kazi yote imefanyika na safari haikuwapo. Hapo ndipo ukinzani hufika kileleni. Na mwanahesabu akizipima pembe hizo, akachukua tanjenti zake, atazikuta zimepangika kwa nafasi zilizo sawa, na kutokana na nafasi hizo atajua upana wa njia ambayo elektroni zazunguka humo. Ni kama kipofu anavyolijua umbo la chungu kwa kukizungusha mikononi.

Ama katika fuwele za matuta, A. G. Lebed, naye wa Urusi, alionyesha kwa hesabu mwaka 1986 kwamba kuna pembe maalumu, ambazo wataalamu wamezoea kuziita pembe za ajabu. Sumaku ikielekezwa kwa kuufuata mstari utokao tuta moja hadi jirani yake, au hadi jirani wa pili, au wa tatu, tabia ya umeme hubadilika ghafula. Majaribio ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 yaliyaona mabonde ya ukinzani katika pembe hizo. Juu ya sababu yake kamili wataalamu wamebishana sana, wala sisi hatutajiingiza kati yao.

Turudi Bariadi, maana wazee wamekwisha anza kuangalia saa.

Kibla chetu kiko wapi? Bariadi iko karibu digrii 2.8 kusini mwa ikweta na digrii 34 mashariki. Makka iko digrii 21.4 kaskazini na 39.8 mashariki. Kwa hesabu ya mviringo wa dunia, mwenye kusimama Bariadi aielekee kaskazini halisi, kisha ageuke kuelekea mashariki digrii 13. Umbali ni karibu kilomita 2,800. Katika umbali huo kila digrii moja ya kukosea humpeleka mtu kando ya Makka kwa kilomita kama 47. Wanazuoni wetu wametofautiana kama aliye mbali hutakiwa aielekee Kaaba yenyewe au hutoshelezwa na upande wake, na msomaji amfuate anayemwamini. Lakini sidhani yuko asemaye kwamba mwenye uwezo wa kuhakikisha asihakikishe.

Na liko kosa ambalo twaliona katika misikiti ya bara, nalo lina asili ya heshima. Watu wa pwani tangu zamani huuita upande wa kaskazini kwa jina la kibla, na kwao ni sawa, kwani Dar es Salaam kibla hakitengani na kaskazini ila kwa digrii kama moja. Aliyekuja na desturi hiyo mpaka huku, akajenga msikiti kwa kuielekea kaskazini tupu, ameuelekeza kwenye jangwa la Sudan, kilomita kama 600 magharibi ya Makka. Kigoma kosa hilo hilo lingefikia digrii 20. Tena ni ajabu kwamba wenyeji wa Simiyu jina lao lenyewe ni dira: Sukuma kwa Kisukuma ni kaskazini, kama Dakama ilivyo kusini. Kwa hiyo mwambie mzee wa Kisukuma kwamba kibla ni sukuma, kimeinama kidogo kwenye mawio ya jua, naye atakuwa amekielewa bila digrii.

Sasa zile simu mbili. Katika kijiji kimoja cha mkoa huu tulikuta jamaa wamegawanyika hata safu mbili zikataka kusimama katika msikiti mmoja, moja imepinda kulia na moja kushoto, kila imamu na simu yake. Vijana hao walikuwa wakweli wote wawili. Mmoja alikuwa ameweka simu yake kwenye ukingo wa dirisha lenye nondo. Wa pili simu yake ilikuwa katika kava lile la kufunga kama kitabu, ambalo kifungo chake ni sumaku. Msomaji aliyefuata maneno yetu tangu juu amekwisha jua. Ukanda wa pamaloi hauna akili ya kujua sumaku hii ni ya ardhi na ile ni ya kava. Wapinda kwa jumla ya zote. Na sumaku ya ardhi ni dhaifu mno, hivi kwamba spika, pikipiki, nguzo ya zege yenye nondo, hata kabati la chuma la misahafu, hushinda kwa urahisi vikiwa karibu. Tuliwatoa nje wote wawili, hatua thelathini mbali na jengo, kava likavuliwa, na simu zikakubaliana kwa tofauti ya digrii tatu.

Iko njia ya kuitambua hila ya chuma ambayo haitaki elimu yoyote. Shika simu bapa mbele yako, tembea hatua kumi ukifuata mstari mmoja ulionyooka, wala usijigeuze. Sumaku ya ardhi haibadiliki katika hatua kumi. Mshale ukigeuka njiani, ujue umepita karibu na chuma, na usomaji wa mahali hapo uutupe.

Na ile kuizungusha simu hewani mithili ya tarakimu ya nane, ambayo wazee huiona kama mchezo, si mchezo. Simu yenyewe ina spika ndani, na spika ina sumaku, nayo husafiri pamoja na simu popote igeuzwapo. Sumaku ya ardhi haisafiri nayo. Simu ikizungushwa pande zote, kile kisichobadilika hujulikana kuwa ni cha simu yenyewe, hutolewa katika hesabu, na kibakiacho ni cha ardhi. Na iliyo muhimu pia ni kwamba simu ijue iko wapi, maana sumaku humwonyesha kaskazini tu. Zile digrii 13 hupatikana kwa hesabu ya mahali. Simu iliyofungwa huduma ya mahali yaweza kukupa kibla cha mji uliopita juzi. Tofauti ya kaskazini ya sumaku na kaskazini halisi, ambayo katika nchi nyingine ni kubwa, Bariadi ni ndogo, na programu nyingi huirekebisha zenyewe.

Kwa wanaotaka kuhakikisha msikiti bila simu kabisa, jua huwa juu ya Kaaba, utosini hasa, mara mbili kwa mwaka: tarehe 27 au 28 Mei, saa 6 na dakika 18 mchana, na tarehe 15 au 16 Julai, saa 6 na dakika 27 mchana. Saa hizo ni za Makka, nazo ndizo saa za Tanzania, kwa hiyo hapana cha kuongeza wala kupunguza. Julai ndiyo bora kwetu, kwani mvua zimekwisha. Simamisha nje kijiti kilichonyooka, kipimwe kwa uzi wenye jiwe ili kisiiname. Dakika ikifika, tia alama kwenye ncha ya kivuli. Kivuli kitakuwa karibu nusu ya urefu wa kijiti. Funga kamba kutoka ncha hiyo hadi shina la kijiti, uivute mbele mpaka ukuta wa msikiti. Kamba hiyo yaelekea Makka. Kisha waite wale vijana wenye simu, walete zote, waziweke juu ya kamba mbali na ukuta, na watuandikie wameona nini.